Mwongozo Kamili wa Kutumia Blogu Darasani: Kumtafuta Msomaji, Kufundisha Kujibu na Kuhifadhi Kazi za Wanafunzi

Mwanafunzi anapoandika insha katika daftari, kwa kawaida msomaji wake ni mmoja tu, na msomaji huyo tayari analijua jibu. Mwalimu husahihisha, huandika alama na kulirudisha daftari; mwanafunzi huitazama alama na mara nyingi hairudii tena kazi yake mwenyewe. Blogu inaweza kubadili uhusiano huo kwa kumpa mwandishi msomaji asiyelijua jibu, anayeweza kuuliza, kupinga na kuomba ufafanuzi, na ambaye anasubiri kujibiwa. Kwa maoni yangu, karibu faida yote ya kielimu ya blogu inatokana na jambo hilo. Pasipo msomaji wa kweli, blogu ya darasa huwa daftari lililohamishiwa kwenye skrini, mwalimu akaongezewa kazi na mwanafunzi asipate kitu kipya.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1920 mwalimu wa Kifaransa Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kupigia chapa katika darasa lake la shule ya msingi. Wanafunzi walipanga herufi wenyewe, wakachapa maandishi yao, kisha wakayatuma kwa posta kwa wanafunzi wa shule nyingine ya mbali ambao nao waliwatumia yao. Teknolojia iliyokuja baadaye ilipunguza gharama na muda wa kazi hiyo: Jorn Barger alipendekeza neno weblog, lililofupishwa baadaye kuwa blog, mwaka 1997, huduma ya kuandikia blogu ya Blogger ikazinduliwa mwaka 1999 na programu ya WordPress mwaka 2003, na kuchapisha mtandaoni, jambo lililodai ujuzi wa kuandika msimbo, likawa jambo la kujaza kisanduku na kubofya kitufe. Kwa kuwa sehemu ya kiufundi imekuwa rahisi kiasi hicho, mwongozo huu hauanzi na kufungua akaunti.

Hatua ya 1: Tafuta msomaji kabla ya kutafuta jukwaa

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayotaja mambo matatu: wanafunzi wataandika kuhusu nini, nani atawasoma, na msomaji huyo atawajibu kwa namna gani. Ukishindwa kuikamilisha sentensi hiyo, usianze bado. Msomaji anaweza kuwa mkondo mwingine wa darasa hilohilo, shule nyingine inayofundisha mada ileile, wanafunzi wa darasa la juu walioipitia mada hiyo mwaka uliotangulia, au mtaalamu aliyekubali kusoma kwa wiki moja tu. Kubalianeni mapema ni siku zipi watasoma na watatoa maoni mangapi. Wasomaji 20 walioahidi na wanaotimiza ahadi wanamfaa mwanafunzi kuliko ulimwengu mzima ambao pengine hautapita hapo.

Wasomaji wengi sana nao wana uzito wao. Mwaka 2012 msichana wa miaka 9 huko Scotland alianzisha blogu akipiga picha chakula cha mchana cha shuleni kwake na kukipa alama. Blogu hiyo ikasomwa duniani kote, na mwezi Juni halmashauri ya eneo lake ikamkataza kupiga picha katika ukumbi wa chakula, kisha ikaliondoa katazo hilo upesi baada ya malalamiko makubwa ya umma. Michango iliyokusanywa kupitia blogu yake kwa ajili ya chakula cha wanafunzi ilizidi pauni 100,000. Kisa hiki kinaonyesha nguvu ya maandishi ya mtoto yanapokutana na wasomaji wa kweli. Kinaonyesha pia kwamba uongozi wa shule unapaswa kushirikishwa tangu mwanzo, usije ukashtukizwa.

Pima pia kama mada yenyewe inahitaji msomaji. Majaribio ya sayansi yanayochukua wiki kadhaa, hesabu zenye njia zaidi ya moja ya kuzikokotoa, riwaya inayosomwa sura kwa sura, kujifunza lugha ya pili na mafunzo ya vitendo ya walimu au wauguzi, yote haya yananufaika, kwa sababu fikra za mwanafunzi hubadilika kadiri siku zinavyopita na mabadiliko hayo yanaonekana. Kukariri jedwali la kuzidisha hakuhitaji hadhira.

Hatua ya 2: Chagua chombo kulingana na kazi

Kila teknolojia ya kijamii ina mwenendo wake, na mwenendo huo huamua aina ya kujifunza kutakakotokea. Kundi la WhatsApp linafaa kwa matangazo na maswali ya haraka, lakini ujumbe mpya huufukia wa zamani, na hoja nzuri ya Jumatatu haipatikani kwa urahisi Alhamisi. Kwenye mitandao mikubwa ya kijamii kama Facebook, mfumo wa jukwaa ndio unaochagua nani aone nini, na umeundwa kwa lengo la kumshikilia mtumiaji, kwa hiyo mwalimu hana uhakika kwamba chapisho la mwanafunzi mnyonge litamfikia mtu yeyote. Mifumo ya kusimamia masomo kama Moodle, iliyotoka mwaka 2002, ina ulinzi mzuri wa alama na majaribio, ila mara nyingi kozi hufungwa muhula unapoisha na kazi hupotea machoni pa mwanafunzi. Tovuti ya aina ya wiki, ambayo Ward Cunningham aliiweka mtandaoni kwa mara ya kwanza mwaka 1995, ni ukurasa mmoja unaoandikwa na mikono mingi. Inafaa pale mnapotaka hati moja mliyokubaliana, na haifai pale unapotaka kuona nani alifikiri nini.

Blogu hufanya kazi tofauti na hizo zote. Kila chapisho lina mwandishi, tarehe, anwani yake na mahali pa maoni chini yake, na machapisho hupangwa kwa wakati. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kurudi kwenye alichoamini miezi miwili iliyopita, akakiwekea kiungo na kueleza kwa nini leo hakiamini tena. Kwa shule za msingi na sekondari, ninashauri blogu moja ya darasa yenye waandishi wengi, kwa sababu wasomaji wanakuwa na mahali pamoja pa kwenda na mwalimu ana mahali pamoja pa kusimamia. Tangazo la kwamba kuna chapisho jipya linaweza kupelekwa kwenye kundi la mazungumzo, lakini mjadala wenyewe ubaki kwenye blogu.

Kwa wanafunzi wazima ni bora kila mmoja awe na blogu yake, kisha mwalimu ayakusanye machapisho kwa njia ya milisho ya RSS, yaani orodha ambayo kila blogu huitoa yenyewe ya machapisho yake mapya. Ndivyo walivyofanya George Siemens na Stephen Downes mwaka 2008 katika kozi ya wazi iliyoandikisha watu zaidi ya 2,000: washiriki waliandika mahali pao wenyewe, na jarida la kila siku likawaelekeza kwa wenzao.

Hatua ya 3: Ruhusa, majina na picha

Hatua hii haina njia ya mkato. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu faragha ya watoto mtandaoni inadai ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 kukusanywa, na ndiyo sababu majukwaa mengi yameweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018 zinaweka miaka 16, na kila nchi mwanachama inaweza kuushusha umri huo, mradi usipungue miaka 13. Soma sheria ya nchi yako, soma masharti ya jukwaa, kisha uwaandikie wazazi barua inayoeleza nini kitachapishwa, nani ataweza kukisoma, kitakaa mtandaoni kwa muda gani, na namna ya kuomba kiondolewe. Mwanafunzi ambaye mzazi wake hakuridhia apewe kazi yenye uzito uleule ndani ya darasa, bila kuonekana kama aliyeadhibiwa.

Kwa watoto tumia jina la kwanza peke yake au lakabu. Lakabu haipunguzi uzito wa maandishi: mwaka 2009 Malala Yousafzai, akiwa na miaka 11, aliandika shajara ya mtandaoni kwa ajili ya BBC Urdu kuhusu maisha ya mwanafunzi wa kike katika bonde la Swat, Pakistan, chini ya Taliban, na alitumia jina la Gul Makai kwa sababu ya usalama wake. Mwalimu abaki na orodha inayoonyesha lakabu ipi ni ya nani, na orodha hiyo isiwekwe mtandaoni.

Picha zinahitaji uangalifu wa pekee, kwani faili la picha ya simu linaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Onyesheni kazi na mikono. Nyuso, sare na vibao vya shule viachwe. Kisha weka mipangilio ili kila oni lipite kwa mwalimu kabla ya kuonekana, na uamue kama blogu itasomwa na wenye neno la siri pekee au na watu wote. Anza na neno la siri. Kufungua mlango baadaye ni rahisi kuliko kuyarudisha maneno yaliyokwisha kunakiliwa na wengine.

Hatua ya 4: Fundisha kujibu kabla ya kufundisha kuchapisha

Hapa ndipo blogu nyingi za darasa hufia. Wanafunzi huambiwa waandike, wanaandika, kisha chini ya kila chapisho panajaa “kazi nzuri” na “hongera sana”. Maneno hayo ni ya upole, lakini hayampi mwandishi sababu ya kufikiri upya. Kwa hiyo tenga vipindi viwili au vitatu vya kusoma na kujibu tu, kabla mwanafunzi yeyote hajachapisha neno. Chapisha kwenye karatasi andiko fupi, libandike katikati ya karatasi kubwa, na uwaache wanafunzi waandike maoni pembeni kwa kalamu. Baadaye yasomeni pamoja, mkijiuliza ni oni lipi lingemlazimisha mwandishi kurudi kwenye kazi yake.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Mwanafunzi amepanda maharage katika vikopo viwili, kimoja ameweka dirishani na kingine ndani ya kabati, na baada ya siku kumi anaandika: “Mimea ya gizani imekua vizuri zaidi, kwa sababu ni mirefu kuliko ya dirishani.” Kipimo chake ni sahihi, maana mche uliokosa mwanga kweli hurefuka haraka. Hitimisho lake si sahihi. Mwalimu akiweka alama ya kosa, jambo limekwisha. Sasa mwenzake anaandika chini yake: “Umepima urefu tu. Rangi ya majani ilikuwaje? Shina la upi lilikuwa nene? Kwa nini umeamua kuwa urefu ndio ukuaji?”

Mwandishi hana budi kurudi kwenye vikopo vyake. Anakuta ile ya gizani ni ya manjano, ina shina jembamba na majani madogo yaliyojikunja, na inalala pembeni ikiguswa kidogo. Anaandika chapisho la pili, anaweka kiungo cha lile la kwanza bila kulifuta, na anaeleza kwamba mmea ulikuwa ukitumia akiba ya mbegu kuutafuta mwanga, na kwamba urefu peke yake haukutosha kupima afya yake. Mwanafunzi huyu amejifunza zaidi ya mwanga na mimea: amejifunza kwamba kipimo huchaguliwa, na kwamba uchaguzi huo unaweza kupingwa. Swali lililomfikisha hapo liliulizwa na mwenzake. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza eneo lililo kati ya kile anachoweza mtoto peke yake na kile anachoweza akisaidiwa na mwenye ujuzi zaidi, na oni zuri hufanya kazi ndani ya eneo hilo.

Wafundishe basi kwamba oni linalokubalika lina vitu viwili: linanukuu au kutaja sehemu mahususi ya andiko, na linaleta swali, ushahidi au mfano unaopinga. Sifa zinaruhusiwa zikiwa na sababu. Mwandishi naye ana wajibu wa kujibu ndani ya wiki moja, hata kama jibu lake ni kwamba bado analitafakari swali.

Hatua ya 5: Panga zamu

Darasa zima lisichapishe siku moja, maana hakuna atakayeweza kusoma machapisho 30 kwa mara moja. Ligawe darasa la wanafunzi 30 katika vikundi vitano vya watu sita. Kila wiki kikundi kimoja huandika, na wanafunzi 24 waliobaki hutoa oni moja moja, kwa mpango unaohakikisha kila chapisho linapata maoni manne. Katika muhula wa wiki 15 kila mwanafunzi atakuwa ameandika machapisho matatu na maoni kumi na mawili, na mwalimu atakuwa anasoma machapisho sita na maoni 24 kwa wiki, mzigo unaobebeka. Uwiano huo, maoni manne kwa kila chapisho moja, ninausisitiza kwa makusudi, kwani unawaambia wanafunzi kwamba kusoma kazi ya mwenzako ni sehemu kubwa ya somo.

Hatua ya 6: Kuandika na kuchapisha

Rasimu iandikwe nje ya mtandao, kwenye karatasi au katika programu ya kuandikia, hasa pale intaneti inapokatikatika au kompyuta ni chache. Mwenzake aisome, mwandishi airekebishe, ndipo ipandishwe. Urefu wa maneno 200 hadi 400 unatosha kwa sekondari. Mwambie mwandishi amalizie kwa jambo analolitilia shaka kikweli, ili msomaji apate pa kuanzia. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa kwa ajili ya wenye vifurushi vidogo, na kila picha iandikiwe maelezo mafupi kwa ajili ya wasomaji wasioona, ambao hutegemea programu za kusoma skrini.

Suala la kutumia kazi za wengine lifundishwe hapa, wakati lina maana. Picha iliyopatikana mtandaoni ina mwenyewe hata kama jina lake halionekani. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, humruhusu mtu kutumia kazi kwa masharti yaliyotajwa, na sharti la kumtaja mwenye kazi ndilo la msingi. Kila wazo lililochukuliwa mahali liwekewe kiungo cha mahali hapo. Mwanafunzi aliyezoea kuweka viungo huanza kuona kwamba maarifa yana asili inayoweza kufuatwa na kukaguliwa.

Hatua ya 7: Mwalimu asiharakishe kujibu

Oni la mwalimu likitangulia, mjadala hufungika, kwa kuwa wanafunzi huliona kuwa ndilo jibu. Subiri walau siku mbili. Ukiingia, uliza swali, au waunganishe waandishi wawili ambao machapisho yao yanagongana bila wao kujua. Makosa ya lugha yasahihishwe kwa faragha, isipokuwa pale yanapopotosha maana. Matusi na kejeli, kwa upande mwingine, viondolewe mara moja na mhusika aitwe kuzungumza ana kwa ana.

Kwa wanaodhani kwamba mjadala wa maoni hauwezi kubeba fikra nzito, uko mfano wa wanahisabati. Mwanzoni mwa mwaka 2009 Timothy Gowers, mshindi wa nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, aliweka kwenye blogu yake tatizo gumu la hisabati na kualika yeyote kuchangia, kwa kanuni kwamba mawazo madogo na yasiyokamilika yanakaribishwa. Katika siku 37 watu 27 waliandika takriban maoni 800, na tatizo likapata ufumbuzi. Miongoni mwa waliochangia walikuwamo maprofesa na pia walimu wa shule za sekondari. Kanuni ile ya kukaribisha wazo lisilokamilika inafaa kuandikwa juu kabisa ya blogu ya darasa, kwa sababu mwanafunzi anayeogopa kukosea hadharani ataandika tu kile ambacho tayari kila mtu anakijua.

Hatua ya 8: Kutathmini

Usihesabu machapisho ukayafanya ndiyo alama; ukihesabu, utapata mengi na matupu. Mwishoni mwa muhula kila mwanafunzi achague chapisho lake moja, maoni mawili aliyowapa wenzake, na oni moja alilopewa ambalo lilimbadilisha, kisha aandike ukurasa mmoja kueleza uteuzi wake. Tathmini yako iangalie kama hoja ina ushahidi, kama maswali yalijibiwa, na kama fikra zilisogea kutoka chapisho moja hadi jingine. Idadi ya waliobofya isiingie kabisa katika alama, maana inapima umaarufu.

Njia hii inasaidia pia katika zama hizi za akili mnemba. Programu inaweza kumwandikia mwanafunzi chapisho laini kwa sekunde chache, lakini mwanafunzi ambaye hakuliandika hupata shida anapoulizwa na mwenzake kuhusu vikopo vyake mwenyewe. Omba rasimu za awali, omba picha na vipimo vya kazi yenyewe, na upe majibu ya mwandishi kwa wasomaji wake uzito sawa na chapisho. Ukiamua kuruhusu programu hizo kwa baadhi ya kazi, sharti la kueleza zilitumikaje liwe la wote, mwalimu akiwamo.

Hatua ya 9: Kufunga na kuhifadhi

Majukwaa hufungwa. GeoCities, huduma ya kutengenezea kurasa za wavuti, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009, na Edmodo, iliyokuwa ikitumiwa na walimu wa nchi nyingi, ilizimwa Septemba 2022. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa kila muhula pakua nakala ya blogu nzima. WordPress na Blogger zote zina sehemu ya kuhamisha maudhui katika mipangilio yake. Hifadhi faili hilo mahali pawili tofauti na ujaribu kulifungua kwenye kompyuta nyingine kabla hujafuta chochote. Picha zihifadhiwe peke yake, maana mara nyingi faili la maandishi hubeba anwani za picha bila picha zenyewe.

Mpe kila mwanafunzi nakala ya kazi zake, kisha muulize kwa maandishi ni zipi anataka zibaki na zipi ziondolewe. Haki hiyo ni yake hata kama kazi anayotaka iondolewe ndiyo nzuri kuliko zote. Zilizobaki ziwekewe lebo za mada, maoni yafungwe, na tarehe ya kufungwa iandikwe juu ya ukurasa. Hizo ndizo utakazowapa wanafunzi wa mwaka unaofuata katika vipindi vyao vya kwanza vya kujifunza kujibu, badala ya kubuni mifano upya.